Kamongo wa Butembo na Chumvi ya Papa

Hakuna papa Butembo. Mtu aliyelelewa Tanga akiingia soko lolote la samaki, macho huanza yenyewe kumtafuta: papa mkavu wa chumvi, taa aliyepasuliwa katikati, ng'onda ya kuunga kwa nazi. Hapa meza zimejaa vingine. Kuna makayabo, samaki wa chumvi wanaoletwa kutoka ng'ambo kwenye maboksi. Kuna thomson walioganda, waliokwisha kusafiri mbali kuliko msafiri yeyote sokoni. Kuna ndagala wa kupimwa kwa kopo. Halafu kuna samaki wa Ziwa Edward, waliopandishwa mlima kutoka Kyavinyonge, wabichi na wa moshi. Mji wenyewe, mashariki mwa Kongo, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watu wanatembea na makoti. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Atlantiki, ambako Kongo ina kipande cha pwani cha kama kilomita 40 pale Muanda, iko mbali zaidi.

Nami nilikuja na papa kichwani. Mkobani nilikuwa na makala za kitaalamu kuhusu vipokezi vya homoni vya samaki wa gegedu, yaani papa, taa na jamaa zao wasio na mfupa hata mmoja. Nilikuwa nimemwahidi mhariri kitu kuhusu jambo hilo. Shemeji yangu, Mnande wa Butembo aliyemwoa dada yangu, alikuwa akinisimanga miaka yote kwamba mtu asiyepita mpaka wa Kasindi asijigambe kuwa anaijua Afrika Mashariki. Nikaona nitasoma njiani, niandike nikirudi, na katikati nile fufu na sombe kwa amani. Sikujua kwamba somo lenyewe lilikuwa linanisubiri huko huko, limekaushwa kwa moshi, juu ya meza ya mama mmoja muuza samaki.

Safari kutoka Kampala ni ya kawaida hadi ufike Kasese. Baada ya hapo milima ya Rwenzori inakaa kulia kwako, mara nyingi imefunikwa na mawingu, na upande wa kushoto nchi inateremka kuelekea ziwa. Huko chini ndiko Katwe. Ni ziwa dogo ndani ya kasoko ya volkano, maji yake ni ya chumvi kali, na watu huivuna chumvi hiyo kwa mikono hadi leo. Kabla ya mipaka ya wazungu, chumvi ya Katwe ilivuka Ziwa Edward kwa mitumbwi, ikapanda milima ya Kongo kwa vichwa vya watu. Stanley alipita hapo mwaka 1889 akakuta askari wa mfalme Kabarega wa Bunyoro wameishikilia. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard akajenga ngome yake palepale. Hakuna anayejenga ngome kando ya dimbwi la maji machungu bila sababu.

Wanande, au Wayira kama wengi wao wanavyojiita, walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa chumvi hiyo. Wanahistoria wanaochunguza ukwasi wa Butembo, mji ambao wafanyabiashara wake leo wanazijua ofisi za Dubai na Guangzhou kuliko za Kinshasa, huirudisha mizizi yake kwenye njia hizo za zamani. Shemeji yangu ananunua viatu na vitenge, lakini babu wa babu yake, anasema, alibeba chumvi. Sina njia ya kuhakikisha, na sikuona haja ya kumbishia.

Nimeyataja haya yote kwa kuwa makala zilizokuwa mkobani mwangu, ukiondoa majina marefu, zilikuwa zinahusu chumvi.

Mwili wa mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo unalinda kiasi cha chumvi katika damu yake kama roho. Ikizidi, moyo na mishipa vinateseka. Ikipungua, misuli na ubongo vinashindwa. Kwa binadamu, mlinzi mmoja mkuu ni homoni iitwayo aldosteroni, inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Sylvia Simpson na James Tait waliitenga London mwaka 1953, wakishirikiana na wanakemia wa Uswisi. Homoni za aina hii, steroidi, ni ndogo na zinaelewana na mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli bila kubisha hodi. Ndani hukutana na protini inayoitwa kipokezi. Kipokezi kina mfuko mdogo, homoni inaingia humo, umbo la protini linabadilika, na kipokezi hicho kinakwenda kushika sehemu maalumu za DNA. Jeni fulani zinaanza kusomwa. Figo inaongeza njia za kupitishia sodiamu, sodiamu inarudi kwenye damu, maji yanaifuata, na potasiamu inatoka na mkojo.

Pale Kasindi, nikiwa kwenye foleni, nilipata muda wa kutosha kumtazama karani wa dirishani. Karatasi ikifika mkononi mwake ikiwa sawa, faili linafunguliwa na mambo yanakwenda. Lakini alikuwapo bwana mmoja mwenye karatasi isiyokamilika. Karani hakuikubali wala hakuirudisha, akabaki nayo mkononi, na sisi wengine wote tukasimama. Kipokezi nacho kina njia hizi mbili. Kuna molekuli inayoingia mfukoni na kukiamsha, na kuna molekuli inayoingia, ikakaa, isiamshe chochote wala kumpisha mwingine. Dawa nyingi hufanya kazi kwa njia hiyo ya pili. Mfano wangu uishie hapo, maana karani yule alikuwa mtu mzuri na mwishowe alitupitisha.

Kutoka Kasindi hadi Beni ni kama kilomita 80. Barabara hii na ile ya kilomita 54 kutoka Beni hadi Butembo zimo katika mradi ambao serikali za Uganda na Kongo ziliuzindua mwishoni mwa 2021. Unavuka Semliki, unapita kando ya msitu wa Virunga, unafika kwenye kakao. Kakao kila mahali, imeanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba, na harufu yake ya uchachu inaingia garini.

Njiani nilisoma kuhusu mkojo. Mtu wa pwani anajua kwamba papa akichelewa kusafishwa ananuka kama choo, ndiyo maana bibi zetu walimlaza kwenye chumvi na ndimu. Harufu hiyo ni amonia, na amonia inatoka kwenye urea. Damu ya papa wa baharini imejaa urea, zaidi ya mara 50 ya ile iliyo katika damu ya mtu mwenye afya. Kwetu sisi kiasi hicho ni mauti. Papa anaihifadhi kwa makusudi. Kwa urea hiyo, damu yake inalingana na bahari kwa wingi wa vilivyoyeyuka ndani yake, hata kama chumvi yake ni chache kuliko ya bahari, na hivyo maji hayamtoki mwilini. Samaki wengi wa mifupa hawana akiba hiyo. Baharini maji huwatoka saa zote, nao hulazimika kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi yake kwa matamvua.

Mmoja wa walioieleza hesabu hii vizuri alikuwa Mmarekani Homer Smith, mtaalamu wa figo wa Chuo Kikuu cha New York. Na mwaka 1928 Smith alikuja kwetu. Alifika Ziwa Victoria kumtafuta kamongo, samaki mwenye mapafu, ambaye maji yakikauka anaweza kujichimbia kwenye tope, akajifunga ndani ya ganda la ute wake mwenyewe na kulala mpaka mvua irudi. Alirudi Marekani na kamongo hai, akawachunguza, na mwaka 1930 akachapisha majibu: akiwa usingizini kwenye tope, kamongo huacha kutoa amonia, akatengeneza urea na kuilimbikiza mwilini. Papa analimbikiza urea katikati ya bahari, kamongo katikati ya ukame. Smith aliandika hata kitabu cha kubuni kiitwacho *Kamongo*, kilichotoka 1932, ambamo mwanasayansi na padri wanajadiliana melini. Nadhani angestahili kukumbukwa zaidi katika nchi zetu. Wazungu wengi wa wakati ule walikuja kutafuta tembo na simba, yeye akaja kumchungulia samaki wa matopeni anayenuka.

Beni tulilala, lakini sitaandika mengi kuhusu Beni kwa kisingizio cha safari ya mtu mwenye pasipoti. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo hili wamekuwa wakiuawa vijijini na mashambani, na wanaoteswa zaidi ni wale wanaolima kakao ile niliyokuwa nikiinusa. Katikati ya hayo ikaja Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Hapa Beni na Butembo ndipo, wakati risasi zikisikika, lilipofanyika jaribio lililoonyesha kwamba dawa mbili za kingamwili zinaokoa wagonjwa. Mojawapo ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Muuguzi mmoja niliyekula naye aliposikia ninaandika kuhusu vipokezi alicheka. Alisema neno hilo wao walilijua wakati wa mafunzo: virusi vya Ebola, ili viingie kikamilifu ndani ya seli, lazima vishike protini iitwayo NPC1. Sikumwambia kwamba kazi ya kawaida ya protini hiyo ni kusafirisha kolesteroli, na kwamba kolesteroli ndiyo malighafi ya kila homoni ya steroidi, ya papa, ya kamongo na ya kwake. Chakula kilikuwa kinapoa.

Butembo ni mji wa vilima na vumbi jekundu, wenye majengo ya ghorofa yaliyojengwa na wafanyabiashara wenyewe, pikipiki nyingi, na makanisa. Tulipofika, mama mkwe wa dada yangu alikuwa amekaa uani juani, miguu juu ya kigoda. Nilimsalimia kwa Kinande nilichofundishwa njiani, „Wavukire, mama," naye akanijibu kwa urefu, sikuelewa neno. Mwanawe akatafsiri: anasema umenenepa kuliko kwenye picha.

Miguu yake ilikuwa imevimba. Moyo wake umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, na figo, zikidhani mwili umepungukiwa maji, zinazidi kushikilia chumvi. Jioni akaletewa vidonge vyake kwenye kisahani.

„Hii ni ya tansyo," akanionyesha. „Hii ni ya kukojoa. Na hii pia ni ya kukojoa, lakini munganga alisema hii haitoshake potasiamu."

Niliomba kulisoma boksi. Spironolaktoni.

Kuna nyakati kusoma kunakuwa kama kukutana na mtu anayesengenywa. Ile makala iliyokuwa mkobani, ya mwaka 2019, iliandikwa na Yoshinao Katsu wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Michael Baker wa San Diego, na wenzao wa Tokyo na Singapore, nayo ilikuwa inahusu kidonge hiki pamoja na samaki mmoja wa ajabu. Samaki huyo anaishi katika bahari ya kusini mwa Australia na New Zealand. Kwa Kiingereza wanamfananisha na tembo kwa sababu ya pua yake inayoning'inia, ambayo hufukulia mchanga. Jina lake la kisayansi ni *Callorhinchus milii*. Si papa hasa, ni wa ukoo wa pembeni katika kundi hilo la gegedu, uliojitenga na papa zamani sana. Jenomu yake ilisomwa na kuchapishwa mwaka 2014, kazi iliyoongozwa na Byrappa Venkatesh wa Singapore, na ilionekana inabadilika polepole kuliko ya mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo aliyekuwa amepimwa, hata kuliko silakanti wetu wa Tanga na Komoro. Ukitaka kukisia protini za wazee wetu wa pamoja wa miaka milioni 450 iliyopita zilifananaje, huyu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwanza, wazee hao. Samaki wasio na taya, akina lamprei, wana kipokezi kimoja tu cha homoni za kundi la aldosteroni. Kwa papa na taa tunakuta viwili, kimoja kinachohusika zaidi na mkazo na sukari, kingine ambacho kwetu ndicho cha chumvi. Jeni moja ilijinakili, nakala mbili zikaanza kwenda njia tofauti. Samaki wa gegedu ndio jamaa zetu wa mbali kabisa walio hai wenye jozi hiyo kamili. Ndiyo sababu wanaotafuta asili ya kipokezi cha chumvi wanaenda kwao.

Kinachotatiza ni kwamba papa hawana aldosteroni. Wanayo homoni yao wenyewe ya kundi hilo, 1-alfa-hidroksikotikosteroni, iliyotambuliwa na Idler na Truscott huko Kanada mwaka 1966 katika damu ya samaki hao. Kwa hiyo kipokezi kilikuwapo, mfuko wake wazi, mamilioni ya miaka kabla ya homoni ambayo sisi tunaiona kuwa ndiyo mwenye nyumba. Mwaka 2006 Joe Thornton na wenzake, wakiwa Oregon, walifanya kitu cha kuthubutu. Walilinganisha jeni za wanyama walio hai, wakakisia mfuatano wa jeni ya kipokezi cha babu wa wote, wakaitengeneza maabara na kuijaribu. Kipokezi hicho cha kale kiliitikia aldosteroni, homoni ambayo katika zama zake haikuwapo duniani. Kiliweza kwa sababu aldosteroni inafanana kiumbo na homoni za zamani zaidi ambazo kilikuwa kinazihudumia. Hapakuwa na miujiza, na hapakuwa na mpango. Homoni mpya ilipotokea, ilikuta kipokezi kikongwe kinachoweza kuipokea, ikakitwaa.

Sasa turudi kwenye kisahani cha mama. Katsu na wenzake waliichukua jeni ya kipokezi cha chumvi cha samaki yule mwenye pua, wakaiweka katika seli za binadamu zinazooteshwa maabara, pamoja na jeni nyingine inayotoa mwanga kipokezi kikiamka. Wakamwagia homoni moja baada ya nyingine. Aldosteroni ilikiamsha, na kotisoli, homoni ya mkazo, nayo pia. Halafu wakaweka projesteroni, homoni ya ujauzito, ambayo kwa binadamu inaingia kwenye kipokezi hiki na kukiziba. Seli zikawaka. Wakaweka spironolaktoni, dawa iliyotengenezwa ili kukiziba. Zikawaka pia.

Kidonge kinachompunguzia mama huyu maji ya miguu, kwa kukaa mfukoni mwa kipokezi chake na kukinyamazisha, kwa samaki yule kinatoa amri ya kuanza kazi. Protini ni ya ukoo mmoja, mfuko ni uleule kwa sehemu kubwa, ila jibu limepinduka.

Mtu anaweza kusema haya ni ya samaki, sisi yanatuhusu nini. Mwaka 2000 David Geller na Richard Lifton wa Yale walieleza kuhusu kijana wa miaka 15 mwenye shinikizo kali la damu. Katika kipokezi chake cha chumvi asidi amino moja tu, ya nafasi ya 810 kati ya 984, ilikuwa imebadilika: palipokuwa na serini pakawa na leusini. Ndugu zake wenye badiliko hilo nao walikuwa na shinikizo kabla ya miaka 20. Kwa watu hawa projesteroni na spironolaktoni hazizibi tena kipokezi, zinakiamsha. Na kwa kuwa projesteroni hupanda mara nyingi sana mwanamke akiwa mjamzito, wanawake wawili wa ukoo huo walipobeba mimba, kila mimba ilipandisha shinikizo lao kwa namna ya kutisha. Badiliko la herufi moja ya jeni lilitosha kukifanya kipokezi cha mtu kiitikie kama kile cha samaki wa gegedu. Ni ukoo mmoja tu na ugonjwa adimu sana, wala hauelezi shinikizo la wajawazito wote wanaojazana kliniki. Lakini ningependa kila mwanafunzi wa uganga wa Butembo, na mji huu unao chuo kikuu chenye kitivo cha tiba, asimuliwe kisa hiki na cha samaki kwa pamoja, maana kimoja kinamulika kingine.

Kazi ya projesteroni kwa samaki yule bado inatafutwa. Kipokezi hicho kimekutwa kikitumika si kwenye figo na matamvua tu, bali pia kwenye ovari na korodani, na Katsu na Baker wanashuku kwamba huko kina shughuli za uzazi ambazo hatukuzitarajia. Mimi naona dhana hiyo ina mashiko. Tumekiita kipokezi cha chumvi kwa sababu sisi ndio tuliokikuta kikifanya kazi ya chumvi, na anayetoa jina mara nyingi ndiye aliyechelewa kufika.

Kesho yake nilikwenda sokoni na mke wa shemeji mdogo, na hapo ndipo nilipoiona meza ile. Samaki mrefu, mnene, mwenye mapezi membamba kama kamba, kichwa cha duara, amekunjwa na kukaushwa kwa moshi hadi kuwa mweusi. *Protopterus aethiopicus*. Kamongo wa Smith, ambaye Waganda wanamwita mamba na ukoo mzima wa Buganda umemfanya mwiko wake.

„Karibu baba," muuzaji akasema. „Huyu ni ya Kyavinyonge."

Nikamuuliza kama anauzika.

„Anauzika mingi. Wengine wanamwogopaka juu ya sura yake. Ana nguvu. Hata ukimutosha mu maji hakufake mbio, anapumua tu kama mtu."

Ndiyo, anapumua. Na katika kundi lake ndimo tunamoiona aldosteroni kwa mara ya kwanza tukifuata nasaba kutoka baharini kuja nchi kavu. Papa hawanayo, samaki wa kawaida wa mifupa hawanayo, kamongo na jamaa zake wanayo, na vyura, mijusi, ndege na sisi tumeirithi. Mwaka 2022 kikundi kilekile cha Katsu na Baker kilijaribu kipokezi cha kamongo wa Afrika, wa spishi ya jirani, *Protopterus annectens*, na aldosteroni ikakiamsha. Mnyama anayetoka majini hana tena bahari ya kumzunguka wala mto wa kumwoshea chumvi. Lazima aikamate ile kidogo aipatayo kwenye chakula. Wengi wanaamini hapo ndipo homoni hiyo mpya ilipopata kazi ya kudumu kwenye kipokezi kilichorithiwa kutoka zama za akina papa. Nilisafiri na makala za samaki wa kusini mwa Australia, kumbe pambano la kipokezi kikongwe na homoni kijana lilikuwa linauzwa hapa kwa vipande, na inzi juu yake.

Nikanunua kipande kikubwa. Bei ilishuka mara mbili bila mimi kuomba, kisha mke wa shemeji akaishusha tena kwa Kinande, na maneno yaliyopita kati yao yalionekana kuwa makali kuliko fedha zenyewe.

Mchana kikapikwa kwa mawese na nyanya, kikaliwa na fufu. Nyama yake ni nzito, ya mafuta, moshi umeingia hadi ndani, na haina mifupa midogo ya kukusumbua. Mama alipewa chake pembeni, kilichorowekwa na kupikwa bila chumvi, akakitazama kwa dharau. Akaniuliza, kupitia mwanawe, ni kitu gani hasa ninachokiandika, maana tangu jana nasoma maboksi ya dawa zake.

Nikamweleza kama nilivyoweza. Kwamba chumvi ikizidi mwilini inaleta maji, kwamba kidonge chake kinaziba mahali fulani ili figo ziiachie chumvi itoke, na kwamba yupo samaki wa baharini mwenye mahali hapohapo, lakini kwake dawa hiyo ingefungua badala ya kuziba. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

„Na yeye mwenye kulala mu chumvi usiku na mchana," akasema, safari hii kwa Kiswahili, „anamezaka dawa gani?"

Nikamwambia papa hamezi dawa. Ana tezi moja ndogo mwishoni mwa utumbo, yenye umbo la kidole, ambayo kazi yake ni kuchuja chumvi kutoka kwenye damu na kuitupa nje ikiwa kali kuliko damu yenyewe. Wendell Burger aliligundua hilo Marekani mwaka 1960. Damu ya papa ikijaa maji na chumvi, moyo wake mwenyewe humwaga homoni inayoiamrisha tezi hiyo ifanye kazi. Moyo wa binadamu nao unatoa homoni za ukoo huo unapolemewa, nikaongeza, ila sisi hatuna tezi ya kuipelekea amri.

Mama akanyamaza akitafuna. Kisha akamgeukia mwanawe.

„Wewe unaendaka Dubai kila mwaka, unaniletea tu viatu. Uliza hiyo tezi bei gani."